Mafuta ya Kiboko ya Omolo

Omolo alipofungua chupa ile, inzi wa ploti nzima pale Kabiro waliacha choo wakaja mlangoni kwa Nasambu.

"Ni nini hii, Baba Audrey? Kuna kitu imekufia ndani?"

"Mafuta ya kiboko, Mama Nelima," akasema Omolo, jirani yake, amejisimamisha upande usiopigwa na harufu. "Nimeitoa Sarang'ombe kwa mzee mmoja. Huyo alipaka bawaba ya mlango, kutu tupu! Asubuhi mlango ukajifungua, ukaenda dukani kununua maziwa."

Nasambu alitema mate. Lakini angefanyaje? Kufulia watu nguo kwa maji baridi kulikuwa kumeikaza mikono yake ikafanana na miguu ya kuku wa mchuzi. Na Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kumposa Nelima, bintiye. Katika ukoo wao, ugali wa wakwe husongwa na mama mzazi mwenyewe. Akishindwa, mwiko hunyakuliwa na shangazi. Shangazi mwenyewe ni Kavetsa, wifi yake, mdomo kama spika ya kanisa. Heri kunuka, akawaza, kuliko kusimuliwa na Kavetsa mpaka kaburini.

Nelima alikuwa na ushauri mwingine, alioupata kliniki kule Satellite. "Mathe, weka mikono kwa maji ya uvuguvugu. Funga ngumi polepole, fungua. Gusanisha dole gumba na kila kidole. Ikiuma, wacha."

"Hiyo ni michezo ya nasari," Nasambu akambeza, akajipaka mafuta akalala.

Lo! Utumbo wa samaki, soksi za mlinzi na yai viza, vyote vilioana usiku ule vikazaa. Alipoamka, vidole vilikuwa na utando wa manjano unaovutika kama makamasi. Paka wa ploti alimnusa mara moja tu, akahamia Riruta. Kila alipoinua kikombe cha chai, alikirudisha chini bila kunywa.

Ndipo akateleka maji aoshe uvundo huo. Akisugua kwa nguvu, vifundo vinawaka moto; basi akawa anaifinya sabuni ndani ya beseni polepole, anaiachia, anaifinya tena. Kisha anapitisha dole gumba kwenye ncha ya kidole kimoja, ananusa, anakohoa hadi machozi, anaendelea na kingine. Asubuhi hivyo, jioni hivyo, wiki nzima.

"Si hayo ndiyo mazoezi nilikuambia?" Nelima akacheka.

"Nyamaza! Mimi nanuka, wewe unaongea mazoezi."

Ila siku moja alikamua kitambaa, maji yakachuruzika mpaka tone la mwisho. Akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Jumamosi Kavetsa alisimama mlangoni amekunja mikono ya blauzi, tayari kwa mwiko. Nasambu akasonga. Ugali ukageuka, ukalia sufuriani, ukaiva ukisimama wima. Wakwe walikula, wakaomba hata ukoko. Kavetsa akashusha mikono ya blauzi.

Wageni walipoondoka tu, Omolo akaingia, akajikaribisha mbele ya ugali uliobaki na paja la kuku. "Kavetsa, umeona hiyo mikono? Ni mafuta yangu hiyo! Nimebakisha ingine ya magoti."

Nasambu alipita nyuma ya pazia, akamimina mafuta yaliyobaki kiganjani, huku amebana pua kwa mkono mwingine.

"Baba Audrey, lete mkono nikushukuru."

Akamshika. Akafinya, akaachia polepole, akafinya tena, kama alivyofundishwa. Vifundo vya Omolo vikalia kwa-kwa-kwa. Harufu ikapanda, Kavetsa akakimbilia nje akiwa ameziba mdomo.

"Mama Nelima, bana! Sasa nitakulaje?"

"Si ni dawa? Karibu ugali."

Akamwacha akiutazama mkono wake, akaenda zake kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.