Wekundu wa Kulukulu

"Mimi kazini sina rafiki," Rai alijigamba asubuhi hiyo, huku akimalizia muhogo wa mwenziwe. "Leo ukimkosa kulukulu, Onesmus, begi lako nitakubebea mpaka stendi, tena nikiimba."

Onesmus alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha fungasha nguo. Hoteli ya Diani ilimwachisha kazi watalii walipoadimika, na sasa shamba hili la msitu, nje kidogo ya Ramisi, lilikuwa likimjaribu kwa kazi ya kutambua na kuandika ndege, kazi ambayo Rai aliizoea. Sharti la Bi Gillian, mwenye shamba, lilikuwa ndege asiandikwe mpaka aonwe na watu wawili, na mgeni wa kazi ndiye atangulie kumtaja. Onesmus alikuwa amebakiza kulukulu tu, na leo ndio mwisho wa majaribio.

Walisimama chini ya mkuyu. Rai alimwona ndege mapema, kijani ndani ya kijani, akidonoa kuyu. Onesmus alikuwa akitafuta wekundu, maana ndio aliosimuliwa. Hakujua kwamba kulukulu akitua huukunja wekundu wake ndani ya mbawa.

"Wee Rai, mimi naona majani tu."

"Basi andika majani."

Ulimi wa Rai ulicheka, moyo haukucheka. Mvua za El Ninyo zilipoleta malaria, ni huyu Onesmus, mtu wa bara, aliyempakia Rai kwenye baiskeli, akaikokota matopeni mpaka hospitali ya Msambweni. Tangu hapo Rai hajawahi kutamka asante. Kila akijaribu, mzaha hutangulia.

Akainama, akalishika tawi la chini, akalitikisa.

Ndege akaruka, mbawa zikafunguka, nyekundu kama tikiti lililopasuliwa.

"Kulukulu," Onesmus akanong'ona, kama amwitaye mtu wa kwao. "Ni kulukulu."

"Nimemwona," Rai akathibitisha. "Na kwa kunichelewesha, leo vyombo unaosha wewe."

Adhuhuri Bi Gillian alimpa Onesmus mkono wa kumkaribisha kazini. Jikoni, Onesmus akaketi mbele ya sahani yake, machozi yakimlengalenga.

"Namshukuru Mungu," akasema. "Na wewe, ndugu yangu."

"Mimi nimefanya nini? Nilikuwa nimeinama kufunga kamba za viatu."

Kadzo, mpishi, ambaye asubuhi alikuwa akiokota kuni nyuma ya mkuyu uleule, akaweka mwiko chini.

"Viatu gani, mwanangu? Tangu asubuhi umevaa kandambili. Na tawi nimekuona ukilitikisa."