Diski za Wifi Abdia

"Usiiguse mashine yangu, wifi," Swaleha alisema bila kugeuka. Vidole vyake vilikimbia juu ya kibodi, na kwenye skrini ya buluu herufi nyeupe zikajipanga safu kwa safu.

Abdia, dada mdogo wa marehemu mume wa Swaleha, alikuwa amerudi Garsen kutoka Malindi, alikokwenda kusomea kompyuta. Mkononi alishika bunda la diski za Windows 95. Kiduka cha kuchapa barua kilikuwa chao wawili, pamoja na jenereta lililonguruma nyuma ya ukuta.

"Hii DOS yako ya maandishi matupu imezeeka. Watu wanataka picha, wanataka herufi za mapambo."

"Barabara ilipokatika kwa mafuriko, barua za watu wa vijiji vya Wema na Idsowe za kuomba chakula ziliandikwa na nini? Na hii hii. Nabonyeza, inaitika. Hiyo yako mpaka nifukuze mshale kwenye skrini kama nafukuza nzi!"

"Ni kweli, na wanakuombea dua mpaka leo. Lakini maji yamekwisha kupungua, wifi."

Swaleha akacheka, ila hakusogea.

Adhuhuri akaingia Huka, mfugaji, akitaka kadi ya harusi ya binti yake Barwako. Swaleha alimchapia moja na kuizungushia nyota ndogondogo. Huka akaitazama kwa heshima.

"Mama, kazi yako mzuri. Lakini hii nafanana na barua ya chifu."

Abdia akauma mdomo asicheke. Swaleha akasimama kutoka kwenye kiti chake.

"Haya, weka hizo diski zako. Mzee, rudi baada ya alasiri."

Diski ziliingia moja baada ya nyingine, mpaka mawingu yakatokea kwenye skrini. Abdia akamkalisha wifi yake, akampa mausi. "Peleka mshale kwenye ile picha ndogo, ubonyeze."

Mshale ukaipita picha. Ukarudi, ukaipita tena. Abdia alidhani ni ukaidi tu, mpaka alipomwona Swaleha amekunja uso na kunyoosha shingo.

"Wifi, huo mshale unauona?"

"Naona mawingu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua. Kwenye ile ya zamani vidole vinajua njia vyenyewe."

"Na hukuniambia!"

"Ungenikalisha nyumbani nichambue mchele. Na mchele pia siuoni."

Walicheka wote, kisha Abdia akajipangusa machozi kwa ncha ya leso. "Naitoa. Nakurudishia yako."

"Usiitoe. Huka atarudi, na Barwako ataolewa mara moja, inshallah."

Abdia akavuta stuli, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa Swaleha ulioshika mausi. Wakausukuma mshale pamoja, polepole, hadi picha ikafunguka. Swaleha akachapa majina bila kosa. Abdia akapanga maua pembeni.

"Malindi kuna daktari wa macho," Abdia alisema. "Tutakwenda."

Swaleha akageukia printa. Ilipomaliza kukwaruza, aliichana karatasi, akaiweka juu ya paja na kuanza kuipapasa kwa ncha ya kidole, kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, huku Abdia akimweleza kila kilichokuwapo.