Mshale wa Zafarani

Tusidanganyane, mimi na Idrisa hatupendani. Shikamoo yangu kwake inatokea puani, na marahaba yake inatokea hukohuko. Aliniita niunde mfumo wa kompyuta wa ukoo kwa sababu moja tu: katika ukoo mzima hakuna mwingine anayejua kazi hiyo, na kamati ilikataa katakata kumwonyesha mgeni mambo ya ndani.

Nami nilikubali kwa sababu ya mama. Mama yangu, Bi Hafsa, anaishi kwenye nyumba ya wakfu kule Ng'ambo, mtaa wa mji wetu huu wa bara, nyumba aliyoiacha Mzee Khelef kwa kizazi chake. Chumba chake ni cha mbele, kinatazama barabara. Idrisa ni mwenyekiti wa kamati, na anataka kukivunja chumba hicho aweke fremu za maduka. Kumwambia shangazi yake "toka" hathubutu, watu wangemtemea mate. Akaja na busara yake: tuandikishe kizazi chote cha Mzee Khelef, na asiyekuwemo aachie chumba. Nikajua papo hapo anamlenga nani. Nikasema moyoni, kama kuna mfumo wa kumtoa mama yangu, basi nitaujenga mimi.

Wao walidhani nitapanga majina kwenye jedwali, basi. Jedwali la nini kwa ukoo kama wetu? Huyu ana wake wanne, yule kaoa binti wa mjomba, wengine walifuata misafara wakabaki Ujiji, wengine wakaishia Bagamoyo. Nikawaambia tunataka hifadhidata ya grafu. Kila mtu ni nukta. Kila uhusiano ni mshale wenye jina lake, unatoka kwa fulani unakwenda kwa fulani. Na kila nukta ina anwani yake, ili ndugu wa Ujiji wakiunda mfumo wao, wa kwao na wa kwetu iunganishwe bila mtu kuandikwa upya.

"Na itakaa wapi hiyo mitambo?" akauliza Idrisa. "Sitaki siri zetu zilale Ulaya."

Kwa hilo tu tulikubaliana. Seva ikawekwa stoo, nyuma ya jiko la nyumba ya wakfu, kwenye kompyuta ya mezani niliyoifufua dukani kwangu Kanyenye. Wallahi ile stoo ilinitesa. Vumbi la kiangazi linaingia mpaka kwenye meno. Panya akatafuna waya wa mtandao. Umeme ukikatika, betri inapiga kelele, mimi nakimbia na viatu mkononi. Na hifadhidata yenyewe ilikuwa ikiwaka inazima, inawaka inazima, bila kusema inaumwa nini. Kumbe ilikuwa inadai kumbukumbu kubwa kuliko iliyomo kwenye mashine, na mimi nimeiachia mipangilio ya kiwandani kama mjinga. Nikaipunguzia ulaji, ikatulia.

Idrisa alikuwa akija kusimama mlangoni, mikono nyuma, kama anakagua choo.

"Bado tu, Maua? Hii ni mashine au mimba?"

"Mimba haikatiwi umeme, kaka. Nipishe, unaniziba mwanga."

Siku seva ilipoitika kwenye simu yangu nikiwa nje uani, nilipiga kigelegele peke yangu. Kisha nikaiwekea kanuni, maana uzuri wa mfumo huu ni kwamba unajua kujazia. Ukiuambia huyu ni mtoto wa yule, na yule ni mtoto wa mwingine, wenyewe unachora mshale wa mjukuu. Ukiuambia hawa ni mapacha, unajua baba yao mmoja na mama yao mmoja, unachora. Haumwogopi mtu wala haumwonei haya.

Kanuni nyingine ilikuwa ya kamati: kila mtu aandikwe kwa majina yake yote, hata ya utotoni, maana mji huu mtu anazaliwa na jina, anakua na jingine, anazikwa na la tatu. Idrisa akaandika upande wake kwa mkono wake mwenyewe, kifua mbele. Babu yake: Sheikh Sadiki, utotoni Kulwa. Baba, Mzee Khelef. Mama, Bi Aziza, mke wa ndoa. Na kwa kuwa Kulwa ni pacha wa kwanza, hazaliwi peke yake, akaongeza: Doto, alikufa mchanga.

Nikaenda kwa mama na simu yangu, nimwandike mama yake. Alikuwa anachambua mchele.

"Mama, bibi Faida alikuwa na jina gani lingine?"

"Andika Faida. Inatosha."

"Kanuni inataka yote."

Akatoa kijiwe kwenye mchele. "Alikuwa Doto," akasema. "Yeye na Sadiki ni tumbo moja, la bibi yangu Zafarani. Bi Aziza hakuzaa, akamchukua wa kiume akamlea kama wake. Wa kike akabaki kwa mama yake jikoni. Sasa umejua, na ukaliweke kifuani. Usiliandike."

"Kwa nini? Si ndiyo haki yako hiyo?"

"Kwa sababu bibi yangu alinunuliwa Ujiji akiwa mtoto, Maua. Aliomba neno hilo life naye. Sisi tukalizika."

Nikaitia simu mfukoni. Nilikuwa nimekwisha kusikia habari za Idrisa huko barazani, jinsi anavyopita akinong'ona kwamba Faida ni mtoto wa mjakazi na mpagazi mmoja wa msafara, kalelewa tu humu kwa huruma. Nikasema moyoni, haya, Idrisa, njoo kikaoni.

Kikao kikafanyika sebuleni kwenye nyumba ya wakfu, baada ya Alasiri. Nilirusha picha ukutani kwa projekta ya kuazima. Nukta zikajaa ukuta mzima, watu wakawa wanaonyeshana, yule mimi, yule baba. Walifurahi kweli. Mama alikaa mwisho, karibu na mlango, ushungi umefika kwenye nyusi.

Idrisa akasimama. "Tumefika kwa Bi Faida. Hapa tuseme ukweli hata kama mchungu. Huyu bibi ni mtoto wa Zafarani. Zafarani alikuwa mtumwa humu ndani. Andika mtumwa."

Mtu mmoja akaguna. Mama hakuinua macho.

"Kaka Idrisa, mfumo huu hauandiki tusi," nikasema. "Unaandika uhusiano. Mshale hauning'inii hewani, lazima ufike kwa mtu. Alinunuliwa na nani?"

"Na Mzee Khelef. Nani asiyejua?"

"Nawe ndiye unayetaka iandikwe?"

"Mimi, mwenyekiti. Andika!"

Nikaandika. Mshale ukatoka kwa Zafarani ukaenda kwa Mzee Khelef, na jina lake juu: alinunuliwa na. Nikaweka na wa pili, Faida mtoto wa Zafarani. Idrisa akatazama huku na huku kama aliyekwishapewa ufunguo wa chumba.

"Majina mengine ya Bi Faida?" nikauliza. Nikamgeukia Mzee Nasri, mtu mzima kuliko wote pale. "Babu, wewe ulimjua."

"Faida la ukubwani," akasema Mzee Nasri. "Mama yangu alikuwa akimwita Doto. Walikuwa mashoga."

Watu wakageuka kumtazama Idrisa.

"Madoto wako wengi," Idrisa akasema haraka.

"Kwenye nyumba hii alikuwa mmoja," Mzee Nasri akamjibu. "Wa Kulwa. Babu yako huyo. Nani kawadanganya kwamba alikufa? Alinipikia maandazi mimi. Na Bi Aziza hakuzaa, alilea tu."

Nikambadilisha Bi Aziza kuwa mlezi, nikaandika pacha kati ya Faida na Sadiki. Nikabonyeza. Ukutani mishale ikaanza kujichora yenyewe. Faida akaunganika na Mzee Khelef, na mama nyuma yake, na mimi nyuma ya mama. Halafu Sheikh Sadiki akang'oka kwa Bi Aziza, akavutwa mpaka chini ya Zafarani, na wanawe wakamfuata, na wajukuu, Idrisa akiwa katikati yao na jina lake kamili.

"Karibu kwetu jikoni, kaka," nikasema.

Watu wakacheka. Nilikuwa nimekisubiri kicheko hicho tangu nilipokuwa nafukuza panya stoo, na kilikuwa kitamu, sisemi uongo. Idrisa akapaparika. "Futa! Futa hiyo!" Akasema mashine imeharibika, akasema nimeitega, akataka kuchomoa waya. Mzee Nasri akampiga fimbo ya mguu. "Kaa chini, mjukuu wa Doto na Kulwa. Mtoto wa suria ni mtoto wa baba yake, hata dini imesema. Hafsa ni kizazi cha Khelef. Chumba ni chake." Kamati ikainua mikono, yote. Na ya Idrisa ikainuka, polepole, kama anaomba ruhusa ya kwenda haja.

Nikageuka kumtafuta mama. Nafasi yake ilikuwa tupu.

Nilimkuta chumbani kwake. Amekwisha kukunja godoro na kulifunga kwa kanga. Mikeka imesimamishwa ukutani. Vikombe vimo kwenye beseni.

"Mama, tumeshinda! Chumba ni chako, wamepiga kura."

"Nimesikia. Ukuta huu mwembamba."

"Sasa unafanya nini?"

"Na ndugu wa Ujiji wataliona neno hilo?" akauliza. "Ulisema wataunganisha yao na ya kwetu."

Nikashindwa kudanganya. "Wataliona."

"Kule alikonunuliwa." Akakaa juu ya furushi la nguo, mikono mapajani. Alikuwa analia, na mama yangu si mtu wa kulia mbele ya mtu. "Idrisa alitaka kunitoa chumbani, mwanangu. Mimi ni mzee, ningetoka, ningekaa kwako. Wewe umenibakizia chumba, na bibi yangu umemuuza tena."

"Nitafuta, mama. Mshale mmoja tu, nafuta sasa hivi."

"Utafuta na kwenye vichwa vyao? Wamecheka, Maua. Nimewasikia wanacheka."

Akainuka, akajitwisha beseni la vikombe, akatoka nalo kupitia uani, na waliokuwa sebuleni wakampisha. Mimi nikabeba godoro nikamfuata.