Damu ya Doto

Kulwa alipoanza tena kuumwa kiuno hakumwambia mtu. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu saratani ya uboho itulie, na kila baada ya miezi mitatu alikwenda kliniki kutolewa damu. Daktari Chenge alishamweleza: zile seli mbovu hutengeneza protini yao, na protini hiyo huonekana kwenye damu hata kabla mifupa haijaanza kuliwa. Ikipanda, ugonjwa umerudi.

Sasa ipande vipi, jamani, na harusi ya Luhende imebaki wiki tatu? Mwanawe alishaiahirisha mara mbili kwa ajili yake, na wazazi wa mchumba wake Rozina kule Musoma walisema waziwazi kwamba wamechoka. Naye Luhende, mkaidi kama mama yake, alikuwa ameapa: majibu ya mama yasipokuwa mazuri, hakuna harusi.

Ndipo Kulwa akaenda Mabatini kwa pacha wake Doto, muuza vitenge. Hata marehemu mama yao alikuwa akiwachanganya. Doto alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaani nichomwe sindano mimi, aoe mwanao?"

"Wewe hujaumwa hata mafua mwaka huu. Nenda mara hii tu. Harusi ikipita nitakwenda mwenyewe, haki ya Mungu."

"Haya, lete hiyo kadi. Mtu mzima hovyo wewe!"

Maabara waliangalia picha ya kwenye kadi, wakaangalia uso, wakachoma.

Siku ya majibu walikwenda wote wawili. Doto alibaki kwenye benchi la nje na karanga zake.

"Mama Luhende," Daktari Chenge alisema, "kuna protini hapa, tena nyingi."

Moyo ulimlipuka Kulwa. Halafu akakumbuka damu si yake, nusura acheke. "Aa, dokta! Maabara wamekosea hao."

"Hata mimi nilidhani hivyo, wakarudia kupima. Kinachonisumbua ni kingine. Protini ya ugonjwa wako miaka yote ni ya aina moja. Hii ni ya aina nyingine kabisa, na ile yako haimo." Daktari aliweka kalamu mezani. "Mama, hii damu ni ya nani?"

Kulwa alikuja na uongo wa kutosha, lakini hata mmoja haukutoka. Aliona aibu, kisha akaogopa, akaogopa kuliko siku alipoambiwa habari zake mwenyewe. Akaeleza yote huku analia.

Daktari hakumgombeza. "Leo nachukua damu yako, yako kweli. Na yeye tutampima upya, damu na mifupa. Huenda bado ni mapema, siwezi kusema. Yuko wapi?"

"Hapo nje."

"Nimwite?"

"Usimwite. Mimi ndiye niliyemleta, nitamwambia mwenyewe."

Akafungua mlango. Doto aliinuka, akakung'uta maganda ya karanga kwenye kitenge chake, uso umejaa kicheko.

"Enhe! Nimefaulu?"

Kulwa alimshika mikono yote miwili. Walipishana nusu saa tu kuzaliwa, na maisha yao yote walikuwa wakiitana kwa majina.

"Mdogo wangu," alisema, "kaa kwanza."