Hatua Arobaini kutoka kwa Agripina

Saa kumi kamili za jioni kengele ya kiwanda cha mvinyo cha Vadul Spinilor ililia, na wafanyakazi wakapanga mstari mbele ya bomba lililo nje ya banda la chupa, karibu na lango, kila mmoja na mtungi wake wa kioo. Kila mfanyakazi alikuwa na haki ya lita mbili kwa siku. Haki hiyo iliandikwa kwenye mkataba, baada ya kifungu cha buti na kabla ya kifungu cha likizo. Kifungu cha mwisho kilisema kiwanda hakiajiri walevi, na kwamba yeyote ambaye jina lake litaingia kwenye daftari la walevi la wilaya atafukuzwa siku hiyohiyo. Kifungu hicho na kile cha lita mbili vilikaa kwenye karatasi moja miaka mingi bila kugombana.

Agripina Untilă alisimama kwenye mstari huo kwa miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya taa, kutazama chupa zikipita na kutoa zenye takataka. Alikunywa lita zake mbili, na lita mbili za marehemu mumewe pia, maana hakuna aliyekumbuka kumfuta kwenye orodha. Alikuwa mtu wa kazi, hakuwahi kuchelewa. Lakini siku ya arusi ya binti yake Veta alisinzia kwenye kiti cha uani kabla bibi arusi hajatoka. Alipoamka ilikuwa Jumatatu, meza zimekwisha kuondolewa, na Veta yuko kwenye basi la kwenda Italia. Veta alipopiga simu hakulitaja jambo hilo, wala siku hiyo, wala baadaye. Angelitaja, labda Agripina asingekwenda zahanati.

Zahanati ilikuwa na Daktari Ilarion Stratulat, mwanamume mrefu mwenye sweta lililotoboka viwiko, aliyekuwa akiandikisha watu sitini kwa utafiti wa dawa ya kuacha pombe. Nusu yao wangepewa kidonge chenye dawa na nusu kidonge cha chaki. Nani amepata nini, yeye mwenyewe hakujua. Majibu yalikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa huko kwenye taasisi ya mji mkuu.

"Na daftari?" Agripina aliuliza.

"Majina ya utafiti hayaingii kwenye daftari, mama. Nimeahidiwa kwa maandishi."

Akatia sahihi. Alimeza kidonge kimoja kila asubuhi kwa siku arobaini. Wiki ya kwanza alitetemeka mpaka akashindwa kushika kijiko, na daktari alimlaza siku nne. Wiki ya pili alilia. Wiki ya tatu alipaka nyumba rangi ya bluu. Wiki ya sita hakuwa amegusa tone.

Siku ya arobaini na moja alikwenda kwa jirani aliyekuwa akisherehekea siku ya mtakatifu wa jina lake. Alipoketi, mvinyo wote wa mezani ukawa maji. Wageni walimlaumu mwenye nyumba kwa uchoyo, naye akateremka kwenye ghala la chini ya nyumba kuleta mwingine. Ulifika mezani ukiwa mweusi kama damu ya mzee, na kabla hajaumimina ukawa maji.

"Ni mimi, nadhani," Agripina alisema. Akahamia jikoni kwenye ugali wa manjano na jibini ya kondoo, lakini jikoni palikuwa karibu mno, ikabidi aende nyumbani.

Jumapili kikombe cha altare kikawa maji. Padri Nectarie alimtazama juu ya miwani, akamwomba asimame nje ya lango, na baada ya ibada akamletea mkate mwenyewe. Kiwandani makreti mia mbili yalipita mbele ya taa yake yakatoka maji, na mkurugenzi, Bwana Haralambie Gonța, akamwandikia likizo isiyo na mwisho.

Daktari Stratulat alikuja na kipima kilevi na kamba. Alimketisha Agripina kwenye kigoda barabarani, akapanga bilauri za mvinyo na kupima moja moja. Pembeni yake yalikuwa maji matupu. Hatua ishirini mbali, nguvu ya mvinyo ilikuwa imepungua nusu. Hatua arobaini, mvinyo ulikuwa mvinyo. Akayaandika yote kwenye daftari lake la kazi, akaweka na tarehe.

Shoga yake Agripina alikuwa Zenovia Ciubuc, aliyebandika lebo kwenye meza ya pili kwa miaka ileile ishirini na sita, na nyumba zao zilitazamana kwa mbali, malisho yakiwa katikati. Agripina alichukua ufumaji wake akaenda kukaa kwa Zenovia. Alikaa asubuhi, akakaa jioni, akalala hukohuko kwenye benchi. Kila mtungi alioufungua Zenovia ulikuwa maji.

"Ondoka kwangu, shoga. Nakuomba kwa adabu."

"Nakusaidia."

"Umenisikia nikiomba msaada?"

Siku ya pili mchana Zenovia alianguka kando ya jiko. Mwili ulimkakamaa, macho yakageuka, povu likamtoka. Agripina alikimbia mpaka zahanati bila viatu. Daktari alimdunga Zenovia sindano, akakaa sakafuni naye mpaka pumzi ikatulia, kisha akamgeukia Agripina.

"Mtu aliyekunywa miaka ishirini na sita humnyang'anyi pombe kwa siku moja. Mwili umeshaizoea. Ungemuua."

"Mimi mbona hamkuniua?"

"Wewe nilikulaza, nikakupunguzia kidogokidogo."

Agripina alifikiri. "Basi naye tumpunguzie kidogokidogo."

Ndivyo ilivyokuwa. Daktari alichora mistari ya chaki barabarani kuanzia kitanda cha Zenovia kwenda nje, hatua kwa hatua, hadi arobaini. Agripina aliweka kigoda kwenye mstari wa mwisho. Kila baada ya siku tatu, daktari akishapima mapigo ya mgonjwa, kigoda kilisogezwa hatua tano. Ng'ombe walikizunguka. Mvua iliponyesha alifungua mwavuli na daktari akachora mistari upya.

Zenovia alimtukana kupitia dirishani. Alimwita ndoo, kisima, chura wa mtakatifu. Alimkumbusha arusi ya Veta, na siku hiyo Agripina hakufuma. Lakini jioni alipoulizwa na daktari kama anataka kupumzika, alisema, "Amesema kweli. Kesho ni siku ya kusogea."

Kwenye hatua ya ishirini Zenovia alilalamika kwamba mvinyo wa mwaka huu ni mwepesi. Kwenye hatua ya kumi aliomba supu ya kuku. Kwenye hatua ya tano alitokea mlangoni, amechana nywele.

"Unaketi hapo kama deni," alisema. "Ingia, chai inapoa."

Baada yake walikuja wengine saba, mmoja mmoja, wakikana njiani kwamba wanakwenda huko. Waliomba kigoda kiwekwe mbele ya nyumba zao. Hakuna hata mmoja aliyeanguka. Daktari Stratulat aliandika kurasa thelathini zenye majedwali, akazipeleka mji mkuu pamoja na matokeo ya vidonge.

Bahasha ilifunguliwa mwezi wa Agosti. Agripina alikuwa amekula chaki.

Mtu wa taasisi alikuja kwa gari jeupe, kijana mwenye sauti ya upole. Alieleza kwamba kampuni iliyogharamia utafiti ilikuwa imetengeneza dawa, haikutengeneza Agripina. Mtu wa kundi la chaki aliyepona kiasi hicho aliharibu wastani. Wangemtoa.

"Nimtoe wapi?" daktari aliuliza. "Yuko pale nje, amekaa."

"Kwenye hesabu tu, daktari. Aendelee kukaa."

"Na hawa wanane?"

"Hawakuwa na bahasha. Kisayansi hawajapona." Kijana alifungua mkoba wake. "Ila majina yao yanahitajika wilayani. Wametibiwa ulevi. Kuna utaratibu."

"Niliwaahidi."

"Ahadi ilikuwa ya washiriki wa utafiti. Hawa hawakuwa washiriki. Na huyu mama sasa si mshiriki tena."

Daktari alikataa kuyatoa majina. Lakini tayari yalikuwa kwenye zile kurasa thelathini, kwa mwandiko wake mzuri. Jioni hiyo alikwenda nyumba kwa nyumba, akagonga milango tisa na kusema alichofanya. Zenovia alimpa kiti, hakumpa chai.

Jumatatu Bwana Gonța aliwaita wote tisa ofisini. Hakuwa mtu wa ukali.

"Kiwanda hakiajiri walevi," alisema.

"Nimeacha," alisema Zenovia. "Niko mkavu kama kuni. Ninuse."

"Nakuamini, mama. Lakini ukiacha, maana yake ulikuwa unakunywa. Asiyeacha hana ushahidi wowote dhidi yake."

"Nilikunywa ulichonipa."

"Tulikupa. Hatukukunywesha." Akawapa kila mmoja barua, na kwa sababu alikuwa na desturi ya kuwaaga vizuri watu wa siku nyingi, akawapa na chupa ya mvinyo wa akiba. Mbele ya Agripina zote zilikuwa maji. Zenovia aliifungua yake palepale, akainywa yote polepole akimtazama, akaiweka chupa tupu juu ya barua yake na kutoka.

Kesho yake walibeba kigoda mpaka lango la kiwanda. Hawakukiweka langoni. Zenovia alihesabu hatua arobaini kutoka bombani, akachora mstari kwa chaki, na Agripina akaketi hapo.

"Mbona mbali hivyo?" Padri Nectarie aliuliza akipita. "Mngekaa karibu mkamaliza kazi leo."

"Leo tungemaliza watu, padri," alisema Agripina.

Siku ya nne wakasogea hatua tano, siku ya saba tano nyingine. Kengele ya saa kumi ililia, bomba likafunguliwa, mitungi ikajaa mvinyo uliokuwa ukichoka kila wiki. Wafanyakazi walinung'unika. Pavel Rotaru, dereva wa trekta, alikuja moja kwa moja na mtungi wake.

"Dada Agripina, sogea huko nyuma kidogo. Leo nina wageni."

"Wageni wako wanywe chai."

"Shemeji zangu hao. Unataka waniue?"

"Shemeji zako wanakunywa mitungi mingapi kwa siku, Pavel?"

Pavel alitazama mtungi wake. "Wao hawanywi sana," alisema, akaenda zake.

Walipofika hatua ya kumi na tano alikuja polisi na karatasi. Mahakama ya wilaya ilimkataza Agripina Untilă kukaribia ukuta wa kiwanda kwa hatua mia moja, kwa kuwa alikuwa anaharibu mali. Polisi alipima kwa utepe, akimwomba radhi kila alipomwinua, na hatua ya mia moja ikaangukia barabarani, chini ya nguzo ya umeme. Vadul Spinilor ina barabara moja. Kila aliyetoka kiwandani na mtungi wake alipita hapo kwenda nyumbani. Polisi aliandika kwamba amri imetekelezwa.

Zenovia alichora mistari upya, pande zote mbili za kigoda. Wasiotaka kuacha walikatiza mbali shambani wakiwa na matope mpaka magotini. Waliotaka kuacha kidogokidogo walipita kando ya barabara, kwenye mstari wanaoumudu. Oktoba, Pavel Rotaru alisimama kwenye mstari wa arobaini, mtungi kifuani, asisogee wala asirudi.

"Unasimama tu?" Zenovia alimwuliza.

"Nasimama."

"Haya, simama. Daktari!" Na Daktari Stratulat, aliyekuwa akija kila jioni baada ya kazi bila mtu kumlipa, akamshika Pavel mkono na kumhesabia mapigo.

Ripoti ya utafiti ilitoka mwezi huohuo. Ilisema dawa inafanya kazi vya kutosha, na washiriki walikuwa hamsini na tisa. Agripina aliomba asomewe ukurasa wenye idadi hiyo. Alisomewa mara mbili. Alisema asome tena anayetaka, yeye yuko barabarani kila siku kuanzia saa tisa na nusu, atahesabiwa na miguu ya watu.

Lita mbili ziliendelea kutoka bombani, na mkataba haukubadilishwa neno. Pavel alifukuzwa kwa kifungu kilekile siku alipofika mstari ulio kando ya kigoda, na watatu wengine pamoja naye. Novemba, kabla ardhi haijaganda, kiwanda kilileta tingatinga likaanza kuchimba barabara ya pili, kutoka lango la nyuma kuzunguka kilima. Agripina na Zenovia walivaa buti wakaifuata mpaka ilipoishia, wakaitazama inakoelekea, wakachagua mahali pa kigoda.