Dishi Juu ya Gari la Mikate

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema msije mkahangaika kumtafuta mwingine, maana tulikuwa watatu tu, na wale wawili wana akili zao.

Kazi yangu ni kufunga madishi ya televisheni. Nina miaka ishirini na moja nayo. Nimepigwa shoti, nimekimbizwa na mbwa ngazi ikiwa begani, nimeanguka kutoka kwenye mapaa matatu. Hilo la tatu lilikuwa la banda la kuku, na ndilo lililonivunja mkono, kwa sababu mapaa marefu niliyaogopa na lile nikalidharau. Kwa hiyo shemeji yangu aliponipigia simu kwamba anataka dishi kwenye gari, sikuuliza hata swali moja.

"Shemeji, mimi nimefunga hadi kwenye banda la kuku. Gari litanishinda?"

"Banda la kuku lilikushinda," akanikumbusha. "Njoo Jumamosi."

Shemeji huyu ni mume wa dada yangu mkubwa. Wenzake wa barabarani walimwita Tairi Kumi, na jina likamganda mpaka nyumbani. Ameendesha malori ya masafa marefu miaka ishirini na sita. Anaondoka, wiki mbili haonekani, anarudi, anakula, analala, anaondoka tena. Alipostaafu alinunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, akajifungia nalo uani miezi minane akiligeuza nyumba. Akaweka kitanda, jiko la gesi, sinki, meza ya kukunja, na mapazia aliyoyashona mwenyewe kwa sindano na uzi wa turubai, mishono mirefu utadhani ngazi yangu. Jua likiwaka, ukifungua mlango wa nyuma bado unasikia harufu ya mkate.

Shida yake ilikuwa moja tu. Alitaka kumchukua dada waende wakaone kote alikokuwa akipita peke yake: lile ziwa analolisimulia kila mwaka, ule mteremko wenye mawe mekundu, ile kona ambapo ukizima injini unasikia maporomoko. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Sawa. Lakini bila taarifa ya habari mimi sitoki hapa."

Safari ikakwama hapo mwezi mzima. Gari lina mafuta, matairi ni mapya, na msafiri amekaa sebuleni mbele ya TV. Shemeji hakugombana. Alianza tu kuliosha lile gari kila asubuhi, hata siku ambazo halikuchafuka.

Mimi dada na TV yake nawajua. Dishi la nyumba yake ndilo la kwanza kulifunga maishani mwangu, na tangu hapo nilimwita mke wa pili wa mtangazaji. Taarifa ya habari ikianza hakai. Anasimama na mwiko mkononi, kichwa mbele, kama anayetaka kuingia kwenye kioo. Ikifika michezo anarudi jikoni. Kukiwa na ajali ya lori akapitwa na picha, anauliza, "Turubai lake lilikuwa rangi gani?" Nami namjibu, "Dada, umeanza biashara ya maturubai?" Anasonya, tunacheka. Yaani nacheka mimi.

Basi Jumamosi nikafika na vyombo vyangu. Dishi jipya la nini, nikamwambia shemeji, wakati la nyumbani halitakuwa na mtu wa kulitazama? Nikaling'oa kwenye ukuta, nikang'oa na king'amuzi sebuleni, vyote nikavihamishia garini. Nikatoboa paa kwa drili, nikaweka boliti nne, nikapaka silikoni mvua isije ikaingia jikoni kwa watu. Kisha nikaanza kulitega. Dishi hutegwa kwa subira. Unalisogeza kidogo kidogo kama unayemgeuza mtoto aliyelala, huku unasikiliza kipimo cha mawimbi. Kikianza kulia mfululizo, umefika. Kililia. Nikazikaza nati kwa nguvu zote za mtu aliyewahi kulaumiwa kwa dishi lililolegea.

"Karibuni!" nikaita kutoka juu. "Picha hadi ukutani!"

Dada akatoka ndani. Mkononi alikuwa na begi.

Laiti mngemwona shemeji. Begi lenyewe dogo, zipu imeharibika, limefungwa kwa pini. Lakini alilipokea kama mtu anayepokea mgeni rasmi, akaliweka kitandani, akalisogeza, akalisogeza tena. Dada akaketi kwenye benchi la meza. Nikawasha. Taarifa ya saa saba mchana, picha safi, sauti safi.

"Umesoma," dada akaniambia. Kwa dada, hiyo ni cheti.

Shemeji kwa furaha akapita mbele, akakaa kwenye usukani. "Ngoja niligeuze lielekee getini," akasema. "Kesho alfajiri iwe kuondoka tu."

Mtangazaji alikuwa anasema lori limepinduka barabara kuu, dereva bado hajatambuliwa. Dada akasimama. Mkono mdomoni, kichwa mbele. Mwiko tu ndio uliokosekana. Shemeji akawasha injini, akakata kona. Picha ikavunjika vipande vipande, sauti ikakwama kooni kwa mtangazaji, kioo kikawa cheusi na maandishi: hakuna mawimbi.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipojitambua. Satelaiti imesimama pale pale angani, na dishi lazima liielekee bila kupepesa. Miaka ishirini na moja nimefunga madishi kwenye nyumba, na nyumba hazikati kona. Hata banda la kuku, pamoja na ubaya wake wote, halijawahi kugeuka.

"Rudisha!" dada akapiga kelele. "Rudisha lilivyokuwa!"

Shemeji akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi nyuma. Picha ilipotokea tena, watu walikuwa wanacheza mpira. Dada akachukua begi, akashuka, akaingia ndani ya nyumba. Halafu sauti yake ikatoka dirishani:

"Na king'amuzi cha huku kiko wapi?"

Nikapanda juu ya paa la gari. Mtu akiwa na kosa kubwa, heri akae mahali ambapo watu hawamfikii haraka.

Dada alitoka, akaketi kwenye ngazi ya mlango, begi mapajani. Shemeji akasimama kati ya gari na mkewe, hajui aende wapi.

"Jambo lenyewe rahisi," nikaanza. "Kila mtakapofika, mnaegesha gari likitazama upande huu huu. Mmemaliza."

"Upande huu upi?" akauliza shemeji.

"Huu wa tangi la maji la jirani."

"Kwa hiyo nchi nzima nizunguke nikitafuta tangi la maji la jirani?"

"Basi lifungwe kwenye stendi, mnaliweka chini. Nawapa dira, nakufundisha kulitega. Nusu saa tu, kila kituo."

"Wewe fundi umetumia saa nzima."

"Nilikuwa nalitega kwa heshima, shemeji. Au tuagize yale yanayojitega yenyewe. Wiki tatu, nne, mnaondoka."

"Wiki nne!" Alitaka kucheka, ikashindikana. Akapangusa mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu. "Ling'oe. Rudisha kwenye ukuta wake."

"Shemeji, usikate tamaa, mimi..."

"Ling'oe, nimesema. Nilidhani anataka kwenda, ila njiani apate cha kutazama. Kumbe anatafuta namna ya kubaki." Akamgeukia dada, na sauti ikashuka. "Miaka yote nilipokuwa sipo ulikuwa na TV. Sawa, sikuwepo. Sasa nipo, kutwa nzima nipo, na bado unaitaka TV. Humo ndani kuna nini ambacho mimi sina?"

Dada alikuwa anaichezea ile pini ya zipu.

Kutoka juu ya paa unaona vitu vingi. Ndiyo faida pekee ya kazi hii. Niliona jinsi dada alivyomtazama mumewe. Hakuwa na hasira. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, taratibu, kama mtu anayehakiki mzigo umefika wote. Nikakumbuka zile safari, simu haipatikani siku nne, siku tano. Nikakumbuka mwiko hewani. Nikakumbuka turubai la lori la shemeji lilikuwa la bluu, lenye kiraka cheupe, na kile kiraka dada ndiye aliyekishona. Miaka yote hiyo mimi nimesimama sebuleni mwake nikitania. Spana ilinitoka mkononi, ikagonga paa, ikaanguka chini. Hakuna aliyegeuka.

"Ulikuwa unanitafuta mimi?" shemeji akauliza. Alikuwa amefika pale pale nilipofika mimi, tena bila kupanda juu.

"Nilikuwa namtafuta nani? Rais?" Dada akasimama. "Mwaka wa kwanza nilikuwa nakaa. Halafu kuna siku walionyesha lori lina kiraka cheupe. Halikuwa lako. Toka siku hiyo sikukaa tena. Miguu ilishazoea. Leo nimesimama namtafuta dereva kwenye kioo, na dereva mwenyewe yupo mbele yangu ananiyumbisha na gari."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia lini? Ulikuwa unakuja kulala."

Shemeji akavua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena. Dada akampita, akafungua mlango wa mbele wa gari, akarusha begi miguuni, akapanda, akavuta mkanda.

Mimi na ujinga wangu nikaona bado kuna kazi ya kutetea. Nikainama ukingoni mwa paa, kichwa chini, nikamchungulia dirishani.

"Dada, subiri. Huko mnakokwenda, bila dishi, habari za ajali mtazijuaje?"

"Wewe shuka kwenye paa la watu," akasema. "Na mimi nimo ndani safari hii. Tukipinduka, nitajua kabla ya mtangazaji."