Macho ya Bundi Pembeni mwa Ubao

Binti wa usafi alisimama mlangoni na ndoo yake. Ndani, Dada Miwani, mwanafunzi wa mambo ya nyota, alikuwa ameukodolea macho ubao kama mtu aliyeibiwa.

"Imezidi tena! Na saa nane nasimama mbele ya mabingwa. Watanila nyama."

"Nini kimezidi, dada?" Maneno yalimtoka binti kabla hajayameza.

"Maada ya giza, mdogo wangu. Ile isiyoonekana angani. Hesabu yangu inabakiza mara mbili ya iliyopo. Juzi ilikubali, nikakuachia ufute. Nilijua naikumbuka, kumbe wapi!"

Binti aliishia darasa la tano. Siku moja alifuta hesabu ya profesa, akakaripiwa hadi akatamani ardhi ipasuke. Tangu hapo hakupitisha kitambaa ubaoni kabla ya kunakili kila alama daftarini. Hakumwambia mtu, kwa kuogopa kuchekwa.

Sasa alilichomoa daftari hilo mfukoni, akamnyooshea Dada Miwani huku akitazama sakafu.

Dada Miwani alipekua mpaka ukurasa wa juzi, akaweka kidole. Pembeni palikuwa na vitone viwili ndani ya duara, na mstari mfupi wa hesabu.

"Hata hiki ulichora?"

"Nilidhani ni macho ya bundi."

Dada Miwani akaangua kicheko, machozi yakimlenga. "Sikiliza. Mwanzoni kabisa, ulimwengu ukiwa moto, chembe hizi za giza zilikuwa tele. Mbili zikigongana, zote zinatoweka. Nimehesabu hizo tu. Nimesahau zinazoshikana kwanza, zikazungukana, ndipo zikatoweka pamoja. Ndiye bundi wako! Ukimweka, zinazobaki zinapungua."

Akauongeza ule mstari, akapiga hesabu upya, chaki ikimkatikia mkononi.

"Imekubali!" Akamkumbatia binti, ndoo na yote, maji yakawalowesha nguo na miguu.

Saa nane binti, kwa mwaliko wa Dada Miwani, aliketi ukumbini kiti cha nyuma kabisa, aproni yake ikiwa bado mbichi. Dada Miwani alipofika kwenye ule mstari, alisema, "Huu niliupoteza. Aliyeniokolea ni yule pale." Vichwa vikageuka. Binti akainama, uso ukimwaka, lakini hakutamani ardhi ipasuke.

Jioni alikuta ubao una maneno mawili tu: Asante, mwenzangu. Chini yake, bundi mzima, na masikio.

Akanakili yote, herufi kwa herufi, bundi naye. Ndipo akalowesha kitambaa.